Kikohozi cha Baba

Filamu yenyewe hakuna aliyebaki nayo.
Wanasema mikanda ililiwa na unyevu
katika stoo ya ushirika, chini ya magunia ya buni,
na panya wakamalizia mapenzi yaliyokuwamo.
Mimi sikuiona. Baba aliyecheza ndani yake
naye hakuiona.

Alipewa sanduku tupu na koti la kuazima,
akaambiwa: pita hapo stesheni kama mtu anayehama.
Akapita. Rudia, wakasema, usitazame mashine.
Akapita mara saba, jua la Moshi likimkaanga,
mlima umejifunika shuka lake la mawingu
kama mgonjwa asiyetaka wageni.
Ujira: shilingi kumi na tano, na soda.

Wimbo waliutia baadaye, usiku,
katika bwalo la shule kule Kiboroloni,
maana lilikuwa na dari ya mbao
na mvua ikija haikugombana na sauti.
Anaeli Makundi na gitaa la umeme
lililochomekwa kwenye spika ya kanisa,
iliyoazimwa bila kuombwa;
kijana mmoja wa Uru, njuga miguuni.
Maneno hayakuzidi mistari minane:
mtu yumo ndani ya treni,
anaona migomba ya kwao ikirudi nyuma,
kisha anatambua ni yeye anayekwenda.

Baba alikwenda kusikiliza.
Ubeti wa pili, kabla tu ya neno *nyuma*,
akakohoa.
Kikohozi kimoja, kikavu,
cha vumbi la kiwanda cha magunia.
Kanda ilikuwa moja. Fedha zilikuwa zimekwisha.
Anaeli akasema: acheni,
hata stesheni watu hukohoa.

Treni ikaacha kuja. Nyasi zikaota kati ya reli,
mbuzi wa Njoro wakawa ndio abiria.
Wimbo ukaondoka kwa miguu.
Nimeukuta Kibosho, mazishini,
umevuliwa gitaa, umevishwa sauti nne za kwaya.
Nimeukuta bibi harusi akiagwa kwao,
treni imegeuzwa gari la kukodi
na shangazi analia kwa zamu.
Muuguzi wa usiku aliuimba puani
akimfunga mama kidonda,
na nilipomwuliza ameutoa wapi
alinishangaa, kana kwamba nimemwuliza
maji ameyajulia wapi.

Na kila mahali, ubeti wa pili, kabla ya *nyuma*,
wote hunyamaza.
Nusu pumzi tu. Kama mtu anayeruka dimbwi.

Baba tulimzika kihambani.
Picha yake ni ile moja ya kitambulisho,
na hata hiyo amefumba macho.

Juzi Elirehema wa Pasua
ameleta suruali nipunguze miguu.
Shingoni spika mbili ndogo, mkononi simu.
Ameutengeneza upya, anasema, kwenye kompyuta ya kaka yake;
ngoma nzito, sauti yake mwenyewe
ameikamua mpaka inalia kama bati.
Sikuupenda. Nilikanyaga cherehani kwa adabu.
Ubeti wa pili ukafika,
na ngoma zote zikakatika.

Mguu wangu ukasimama.
Hapo umekosea? nikamwuliza. Mbona pametoboka?
Akacheka. “Mama, ndivyo unavyoimbwa.
Nilijaribu kupaziba. Haukuwa wenyewe tena.”

Sikumwambia kitu. Nilikata uzi kwa meno,
nikamrudishia mia tano ambayo hakuidai.
Mlangoni akaurudisha mwanzo, akapandisha sauti,
akavuka barabara ya Kiusa bila kutazama kulia wala kushoto,
na baba akapita tena na sanduku lake tupu,
mara ya nane,
bila kuitazama mashine.