Kabla Sijakukabidhi Funguo

Kaa kwanza, Bwana Kihwelo. Mita ya umeme utaiona mwenyewe,
na kitasa cha choo cha nje kinataka kubembelezwa.
Mimi nina la bustani.

Wewe umetoka Dar, kule mtu hutema mbegu ya papai
akarudi kesho akakuta kivuli.
Hapa Ipagala ardhi haikopeshi.
Maji hutoka Jumanne na Ijumaa, tena usiku;
bomba hukohoa kwanza, kama mgeni anayeona haya kubisha hodi.
Amka.

Huyu wa ukutani ni bogenvilia.
Rangi yake usiniulize: asubuhi zabibu,
jioni mvinyo uliomwagika.
Usimwagilie. Ukimhurumia anatoa majani matupu;
ukimsahau, kwa hasira, anachanua.
Nimewahi kuwa na shemeji wa namna hiyo.

Mkomamanga ule uliopinda niliutoa Kondoa,
kijiti ndani ya gazeti bichi, nikakipakata njia nzima.
Ua lake gumu kama nta, huanguka likiwa zima.
Usilifagie siku hiyohiyo.

Mjohoro wa nyuma umeanza kuchokonoa karo.
Ukitaka kuukata, kata.
Mimi nimeshindwa miaka kumi na tisa,
kwa ajili ya ile njano, na nyuki.

Mkrismasi wa getini utakuudhi.
Miezi mingi unaning'iniza makoba meusi yanayochakarika,
umesimama kama mtu aliyeachishwa kazi.
Halafu Novemba, anga imefumba mdomo,
ng'ombe kule Bahi wanalamba udongo,
hauna jani, hauna neno,
unawaka wote.
Sisi huku hatungoji redio ituambie mvua i njiani.

Sasa mawaridi. Vuta kiti.

Yako matatu. Jeupe nimeliita Karani:
linafungua saa nne, saa tisa limechoka.
La njano halina jina; hatukupendana.
Hili jekundu, lenye miiba mpaka shingoni,
alilipanda Malugu, mume wangu, mwaka ule wa ukame,
akalinywesha maji yaliyooshea mchele
na aliyonawia uso,
kikombe kimoja kila jioni, amepiga goti,
mtu ambaye kanisani alisingizia magoti.
Nikamgombeza. Maji hayo ningeoshea vyombo.
Akasema, "Vyombo vitachafuka tena."

Alipolazwa, aliuliza habari za waridi kabla ya watoto.
Lilikuwa limeliwa na utitiri, limebaki fimbo.
Nikamwambia lina machipukizi manne.
Akacheka, akageukia ukuta.

Wiki ya pili baada ya matanga nilitoka na kikombe,
nikainama, nikahesabu.
Mawili.
Nikamwambia palepale: nusu ya uongo wangu imelipwa.

Kwa hiyo sikiliza. Samadi ni ya mbuzi,
utaipata Veyula kwa kina Chibago, iliyolala miezi mitatu;
mbichi itakuunguzia.
Pogoa Juni, jicho likitazama nje.
Upepo wa Agosti ukianza kurusha mabati ya watu,
lizungushie gunia, usione aibu ya majirani.
Mkeo akitaka ua la mezani, achume la Karani.

Mimi nakwenda Morogoro kwa binti yangu, ghorofa ya tatu.
Kuna kibaraza cha kuanika taulo moja.
Nimekata kijiti, unene wa penseli,
nimekichomeka ndani ya kiazi, nimekiviringisha kwa leso.
Sijui kama kitashika. Kule mvua ni nyingi mno,
litadekezwa.

Kodi nimekupunguzia elfu ishirini.
Hiyo si yako, ni ya maji.

Haya, funguo hizi. Huu mdogo ni wa choo.
Leo Ijumaa.
Usilale mapema.