Kopo la Kavugho

Watu walikimbia na magodoro, na mbuzi, na redio.
Mke wangu Kavugho alibeba kopo la maziwa ya unga,
ndani yake udongo wa Kirumba,
ulioziba mizizi ya maharagwe yetu ya mwisho.
Nilimgombeza hadi Kibati:
sufuria umeiacha, umebeba uchafu?
Hakujibu. Alilifunika kwa kitenge
kama mtoto, asipigwe na upepo.

Goma ilitupokea kwa jiwe.
Kiwanja cha Buhene, volkano ya juzi, nyeusi, yenye meno,
jembe lilipiga kelele tu.
Tukakusanya vumbi la mashimoni, majivu, maganda ya ndizi,
tukapanda mahindi na maharagwe shimo moja.
Yakatoka majani ya zambarau,
mabua mafupi, yameinama
kama mtu aliyeona mdai wake anakuja.

Msimu wa pili akafungua kopo.
Vidole vitatu kila shimo,
kama anatia chumvi.

Ndipo Katembo wa kilimo akang'oa mche mmoja,
akauosha kwa maji ya bidoni (maji ya kununua!),
akanipa kioo chake: tazama.
Nyuzi. Nyeupe, nyembamba kuliko utando wa buibui.
Kuvu, akasema.
Nikacheka. Kuvu ndiyo iliyotuozeshea karanga!
Siyo hii, akasema. Hii hupenya pasipopenya mzizi,
huramba jiwe, huleta fosforasi,
hulipwa sukari.

Basi ni likelemba, akasema Kavugho.
Mahindi yanaweka sukari,
maharagwe yanaweka walichokivuna hewani,
na huyo mweupe anazungusha daftari gizani.
Nikauliza: nani anapokea kwanza?
Katembo akakuna shingo.
Hapo hatujui vizuri. Kuna mwaka mahindi hushiba zaidi,
yakarefuka, yakamnyima mwenzake jua.
Kavugho hakushangaa.
Anamfahamu mama mmoja wa Majengo
aliyepokea zamu ya kwanza, akahama mtaa.

Sasa majirani huja na vikombe.
Huwapa kidogo, huku akilalamika,
na kila mavuno hulijaza tena kopo
kwa udongo wa chini ya maharagwe.
Cha Kirumba kimebaki nini humo? Sijui.
Liko karibu na mlango, limefunikwa.
Usiku milio ikisikika upande wa Kibumba
ninaamka, ninaligusa.
Sufuria sijui iko wapi.