Kupogoa

Chai ni mti. Ukiuacha unapanda
hadi urefu wa nyumba, unatoa maua, unazeeka.
Sisi tunaukata usawa wa goti
ili ujidhani mtoto.
Hayo aliyasema baba, shambani Katumba, panga begani,
ukungu wa Rungwe umemmeza hadi kiunoni.

Leo niko Mbeya, chumba cha nyuma cha maabara.
Juni. Koti juu ya koti, vidole vimekufa ganzi,
na ndani ya kabati, kwenye nyuzi thelathini na saba,
ngozi yake imelala kwa raha kuliko mimi:
kipande sawa na punje ya ulezi
nilichokikata mkononi mwake, chini ya kovu.
"Kata tu," alisema, "panga lilishanionja zamani."

Seli ya ngozi inajua kazi moja, kuwa ngozi.
Kitabu kizima imekibeba tumboni
ila kurasa nyingi zimebandikwa gundi.
Nikaitilia funguo nne, si zaidi,
nikangoja.

Nyingi zilikufa.
Nyingine ziligoma, zikabaki ngozi, basi.
Umeme ulikatika mara mbili; Anyosisye, mlinzi wetu,
alivuta kamba ya jenereta huku akilitukana ukoo wake wote.

Siku ya ishirini na moja, pembeni mwa sahani,
kundi dogo, limebanana kama mayai ya chura,
kingo zinang'aa.
Halina kazi. Halina kovu. Halijawahi kufika Katumba.
Laweza kuwa moyo, laweza kuwa ini,
laweza kuwa ile sehemu ya ubongo inayomkauka baba.
Lina umri wa miaka sabini na sita na wa siku chache:
sijui niliamkie
au niitikie marahaba.

Nikapiga simu nyumbani. Tumpe akamwekea sikioni.
Tangu Machi baba hanitaji jina,
ananiita mama, anauliza kama ndama wamerudi,
Kiswahili kimemdondoka, kimebaki Kinyakyusa cha machungani.

Baba, nikasema, zimerudi. Zimekuwa changa tena.

Kimya. Mvua juu ya bati lake.

"Chipukizi la kwanza usilichume," akasema,
kwa Kiswahili, kwa sauti ya mnyapara.
"Liache lijue kwanza liko wapi."

Kisha nikamsikia akimuuliza Tumpe
yule aliyekuwa akiongea ni nani.