Bushi ya Shaba

Usiniambie "hii ya zamani, angalia kutu."
Kutu si cheti cha kuzaliwa.
Hata alternata ya juzi, ilaze wiki mbili
kwenye hewa ya chumvi kule Kigamboni,
itaamka inakohoa kama ajuza.

Lete hapa mezani, chini ya taa.
Mimi chuma nakisoma kwa kucha kwanza,
halafu brashi na mafuta ya taa, halafu macho.
Ubavuni mwa bloku, chini ya rangi tatu,
namba zimeinuka. Hizi zilizaliwa na kalibu,
hazikugongwa baadaye na mtu mwenye haraka.
Ziguse: zina chembechembe, kama mchanga.
Ya bandia ngozi yake laini,
mtoto wa shule kavaa koti la babu.

Bi Filomena Noronha wa Upanga
kaja na kitabu cha gari cha marehemu baba yake,
kila ukurasa una dole gumba la grisi,
na orodha kwa mwandiko wa mfamasia mstaafu:
Morisi, mwaka hamsini na nane.
Kila kitu cha hamsini na nane.
"Hata nati," anasema. "Hata kibano cha mpira wa maji."

Sawa.
Dinamo, siyo alternata: itachaji kivivu,
taa zitasinzia kila foleni ya Salenda,
lakini ndiyo iliyokuwa.
Kabureta niliikuta Shauri Moyo
imekalia rundo la risiti zisipeperuke.
Nikaanza kwa kuuliza bei ya risiti.
Bolti, spana ya kumi na tatu inateleza,
ya kumi na mbili haiingii kabisa;
hizo zinajua inchi tu.
Ukizilazimisha milimita zinakuchubua vidole
na zenyewe hazisogei.

Siku ya tisa nikafungua pampu ya maji.

Mahali pa bushi iliyochorwa kitabuni
kulikuwa na bushi ya shaba,
nene kuliko haja, imekerezwa,
na pembeni, kwa ncha ya msumari,
herufi C na nukta mbili.

Nikavuta kigoda, nikakaa.

C ni Chilongani, kibanda cha tatu toka kona,
Gerezani hii hii,
miaka ambayo dukani ungekuta rafu na muuzaji,
Jumapili ikifika saa nane magari yanalala kwa amri,
na shaba yake ilitoka kwenye mitambo ya mkonge
iliyofia huko njia ya Morogoro.
Nukta mbili maana yake: hii ni ya pili.
Ya kwanza hakuridhika nayo, kaitupa.
Najua, maana ni mimi niliyefagia,
miaka kumi na miwili, peku,
machicha ya shaba yakinichoma nyayo.

"Siyo ya hamsini na nane," akasema Bi Filomena.
"Siyo."
"Basi itoe."

Ninayo ile halisi. Nimeingoja miezi minne,
imo kwenye kijiboksi chake, karatasi ya nta
haijafunuliwa tangu ilipofungwa na mtu wa kiwandani
ambaye hakuijua Dar es Salaam hata kwa ramani.
Nikaziweka mezani zote mbili.

Akaichukua ya shaba. Akaipima kiganjani
kama anavyopima mtu aliyehesabu vidonge miaka arobaini.
"Baba alikuwa akisema," akaanza, "kuna fundi mmoja
alikataa pesa. Alitaka dawa ya kikohozi, ya mtoto."
Sikumjibu. Yule mtoto nilimjua.
Alikohoa hadi masika, kisha akaacha,
na siyo kwa sababu ya kupona.

Akauliza jina la kwanza la fundi,
kalamu ikiwa tayari pembeni mwa ukurasa.
Nikafikiri. Nikafikiri tena.
Sisi tulimwita Fundi.

Leo Alhamisi. Pampu bado iko wazi,
nimeifunika kwa kitambaa:
vumbi la Gerezani halichagui mwaka.