Viriba

Udongo wetu hatuuchukui chini.
Chini kuna shaba, na shaba haina subira na mzizi:
jani linageuka manjano kabla halijakunjuka.
Tunapanda kichuguuni, mimi na Chilufya,
tunamega ubavu wake kwa jembe,
tunawataka radhi mchwa, kisha tunachekecha.
Madebe mawili ya kichuguu,
debe la samadi ya kuku wa Kisanga,
nusu debe la mchanga wa Kafubu.
Hiyo ndiyo hesabu. Mengine ni mkono.

Watu wanadhani Lubumbashi ni joto tu.
Waje mwezi wa sita, saa tisa usiku,
waone pumzi zetu ndani ya nyumba ya plastiki,
mbabula mbili za makala katikati ya vitalu,
mlango umeachwa wazi upana wa kiganja tusife na moshi,
na sisi tunalala kwa zamu
kama wauguzi.

Mwezi wa tano, mvua imeshaaga,
alikuja bwana wa kampuni ya mgodi.
Alihesabu miche kwa ncha ya kalamu, bila kuinama.
Jakaranda mia tatu, alisema, kimo kimoja,
Ijumaa wageni wanakuja.
Alilipa dola. Chilufya akaikataa noti moja:
ilikuwa na mpasuko, mdogo kama kucha ya mtoto.
Ikabadilishwa.

Nikawaambia vijana wa lori,
chaneni viriba kwanza, ndipo mpande.
Ndiyo mama, wakajibu,
na injini ilikuwa imekwisha kunguruma.

Tuliziba paa. Tulilipa shule ya Kaumba.
Tulikula bukari na samaki wa kweli, siku mbili.

Wiki ya saba nikapita pale kwa baiskeli.
Jakaranda hupukutika kiangazi, hilo najua,
nimeziona zikijivua na kulala, zikaamka na zambarau yao.
Hii haikuwa manjano ya kulala.
Nikapitisha mkono chini ya uzio, nikakwaruza udongo,
nikagusa ukingo mweusi wa plastiki.

Maiti huzikwa na nguo zake.
Mche, hapana.
Humo ndani mzizi unazunguka, unazunguka,
kama mtu anayepapasa mlango
gizani, nyumbani kwake mwenyewe.

Chilufya alisema: walishalipa, si yetu tena.
Alisema: ukikamatwa, nani atamwagilia?
Yote mawili ni kweli, na sikumjibu.
Nilinoa kisu cha kupandikizia.

Mlinzi wa zamu aliitwa Kalaba.
Mama, agizo ni kwamba hakuna kugusa mali ya kampuni.
Nikamwambia, sitaki kuuchukua,
nataka kuuvua.
Akatazama kamera juu ya mlingoti.
Kamera ilitazama barabara.
Akawasha tochi ya simu yake.

Tulivua arobaini na mmoja.
Unachimba pembeni, unainua bonge zima,
unachana toka juu hadi chini, unavuta polepole,
unaikata mizizi iliyojisokota, ndiyo, unaikata,
Kalaba akauma midomo kwa kila mkato,
unarudisha, unakanyaga, unamwaga maji.
Alfajiri mikono yangu haikufunga.
Kisu nilimwachia yeye.

Hatujaonana tena. Ananitumia sauti kwenye simu,
kwa kunong'ona, upepo ukipuliza nyuma yake.
Aliuliza: nitajuaje kama ungali hai?
Nikamwambia: kwaruza gome kwa ukucha,
ukiona kijani, endelea.

Chilufya anajifanya hasikii.
Lakini jana, akichekecha,
aliuliza amefika wapi yule mtu wako.

Leo asubuhi: mia na kumi na saba, mama. Kijani.
Kisha kimya kirefu, mbwa anabweka mbali, lori linapita.
Kisha: huu wa mia na kumi na nane,
huu nimekwaruza mara mbili.