Alama ya Mkaa

Kitambuzi tulikifunga darajani, mto Auji,
kwa hotuba, kofia na soda baridi.
Kikapewa namba na kibandiko cha kaunti,
kikaambiwa: maji yakipanda, utuambie.

Kilisema miezi mitatu.
Kisha betri ikafa,
na kwenye bajeti lipo fungu la kununua,
lipo fungu la kuzindua;
fungu la betri halimo.

Nikaandika barua. Ununuzi wakanituma Teknolojia,
Teknolojia wakasema mto ni wa Mazingira,
Mazingira wakauliza: betri ya saizi gani?

Basi Aprili, mvua ikinguruma upande wa Kajulu,
humpigia Pilista Aloo wa Nyalenda.
Nyuma ya mlango wake
pana mistari ya mkaa ukutani:
huu wa mwaka godoro lilipoelea,
huu wa kuku,
huu wa juu kabisa hapendi kuusemea.
"Yamefika bawaba ya chini," ananiambia,
"nami niko juu ya meza. Andika."

Naandika. Sentimita ishirini na sita.

Asubuhi, ukumbini, wageni wamevaa beji.
Grafu inapanda kwenye skrini, samawati, laini.
Mkurugenzi anasema, "Jiji letu sasa linafikiri."
Makofi.

Nami nahesabu nukta moja moja,
kila moja simu niliyopiga kwa salio langu,
kila moja Pilista mezani, sketi kaifunga magotini,
akiniuliza kabla ya kukata
kama hiyo kompyuta yetu
inajua kushika ndoo.