Siku Saba za Kiwanda cha Vifungo

Mimi ndiye niliyependekeza ifutwe.
Usiku wa Jumatatu, mistari miwili,
maana kanuni haihitaji maneno mengi:
"Filamu ya 1958. Haikushinda tuzo. Hakuna mhakiki
aliyeijadili. Umaarufu haujathibitishwa."
Kisha nikaenda kupasha supu ya maharagwe.

Lisemwalo lipo, watu husema.
Katika kamusi elezo, lililopo ni lile lisemwalo mara mbili,
na magazeti mawili yasiyojuana.

La kwanza lilipatikana. Radoslav wa Varna,
ambaye sijawahi kumwona wala kusikia sauti yake,
alilichimbua katika maktaba ya Pleven:
"Jumamosi ilionyeshwa Kiwanda cha Vifungo.
Ukumbi ulikuwa na baridi."
Tukabishana siku nzima, watu wazima wawili,
kama baridi ya ukumbi ni uhakiki.

Jumatano akatuma kipande cha filamu yenyewe,
dakika kumi na moja; zilizobaki ni majivu.
Ghala liliungua, au lilichomwa,
hilo nalo halina chanzo.
Nikatazama huku namenya chungwa.
Wanawake wameketi safu moja kwenye meza ndefu,
mashine zinatoboa ganda la kome,
matundu manne, matundu manne,
vumbi jeupe limewakaa kwenye nyusi.
Msimamizi anapita na saa yake.
Kisha kamera, sijui kwa nini, inashuka
na kutulia juu ya mikono ya mmoja wao
kwa muda mrefu kuliko hadithi ilivyohitaji.

Kidole cha shahada, cha kushoto, kimekatika pingili ya juu.

Nilikijua kidole hicho kabla sijajua kusoma.
Kilinipima homa. Kilifuata mstari
nilipokwama kwenye herufi.
Mama hakuwahi kutaja filamu. Alisema tu, siku moja,
akinishonea koti la shule, kwamba zamani kuna mtu
alimlipa leva thelathini akae kimya afanye kazi yake,
na kwamba hajapata tena pesa rahisi namna ile.

Sasa nifanyeje?
Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake,
ndiyo maana kanuni inasema mwenye undugu ajitoe.
Naijua. Nilisaidia kuiandika.
Kidole cha mama si chanzo huru.
Kumbukumbu yangu haina nambari ya ukurasa.

Nikaandika: "Najitoa katika mjadala huu."
Radoslav akauliza sababu. Sikujibu.
Nadhani alisubiri; alama yake ya kijani ilibaki ikiwaka
mpaka tramu ya kwanza ikakata kona chini ya dirisha langu.

Leo Jumamosi, siku ya sita.
Kura ya kufuta ni moja, yangu,
na kuiondoa ni kupiga kura pia.
Za kubakiza hakuna.
Nimelitoa koti kabatini. Nondo wamelila begani,
lakini vifungo vyote sita vipo;
ukiviinamisha kwenye taa vinakuwa waridi, kisha kijani.
Cha tatu kimeshonwa kwa uzi mweusi.
Mweupe ulimwishia, bila shaka, na maduka yalikuwa yamefungwa.

Saa tano kasorobo, Radoslav tena:
"Nimepata gazeti la pili. La Ruse, limechanika.
Baada ya jina la filamu linasomeka neno moja tu.
Najua umejitoa. Nakuuliza kwa sababu wewe
ndiye unayezijua kanuni.
Neno lenyewe ni 'mikono'.
Je, huo ni uhakiki?"